Kumbukumbu za Mjanja wa Biliadi: Ushahidi wa Mtu Aliyeishi kwa Kutojulikana

0. Utangulizi

Mwezi wa Machi 1954, katika mji wa Springfield, jimbo la Ohio, Marekani, mchezaji Willie Mosconi aliingiza matunduni mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Watazamaji waliokuwapo walitia sahihi hati ya kiapo kuthibitisha waliyoyaona, na hesabu hiyo ikabaki kuwa kilele cha mchezo kwa zaidi ya miaka 60. Mwanahistoria hapati taabu na siku kama hiyo. Mahali panajulikana, mashahidi wanajulikana, tarakimu imeandikwa.

Lakini katika miaka hiyohiyo palikuwa na wachezaji wengine ambao walicheza usiku kucha kwa fedha nyingi, katika miji ya viwanda, ya migodi na ya bandari, wala hakuna karatasi iliyoweka hesabu ya mapambano yao. Ukimya huo haukutokana na uzembe. Mchezaji wa namna hiyo aliishi kwa kuonekana si kitu. Siku ambayo ustadi wake ungeandikwa gazetini, ndiyo siku ambayo riziki yake ingekatika. Kwa hiyo yote yanayojulikana juu ya wachezaji hao wa kusafiri yametoka, kwa sehemu kubwa, katika vinywa vyao wenyewe, walipokwisha kuzeeka.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Je, kumbukumbu za mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapumbaza wenzake zinaweza kupokewa kama ushahidi wa historia? Swali hili linawagusa wote wanaokusanya masimulizi ya wazee, hata kama wazee hao hawakuishika fimbo ya biliadi maishani mwao.

1. Jina la mchezo na jina la kazi

Biliadi ilianzia Ulaya katika karne ya 15 kama mchezo wa uwanjani, ambao baadaye ulihamishiwa mezani. Kitambaa cha kijani kinachofunika meza hadi leo ni ukumbusho wa majani. Aina ya biliadi iliyoenea zaidi Marekani, ile yenye matundu sita, huitwa huko pool. Msomaji wa Kongo aliyezoea Kifaransa hatashangaa kuambiwa kwamba neno hilo latokana na poule, ambalo, pamoja na kumtaja kuku, lilikuwa na maana ya fedha zinazowekwa pamoja na wachezaji ili achukue mshindi. Katika karne ya 19, nyumba iliyoitwa kwa jina hilo huko Marekani ilikuwa mahali pa kuchezea kamari ya mbio za farasi; meza za biliadi ziliwekwa humo ili watu wapitishe muda wakingojea matokeo. Baadaye kamari ya farasi ilihama, jina likabakia mezani. Basi harufu ya dau imo katika jina lenyewe la mchezo.

Jina la kazi lina historia yake pia. Kiingereza humwita mchezaji huyu hustler, neno lililotokana na kitenzi cha Kiholanzi chenye maana ya kutikisa. Katika Kiswahili yapo maneno kadhaa yanayokaribiana: tapeli, ayari, mlaghai, mjanja. Yafaa kuchagua kwa uangalifu. Tapeli na ayari humwibia mtu kwa kumpa kitu kisicho halisi. Mchezaji anayezungumzwa hapa hakutumia mpira wa uongo wala meza iliyopinda. Mapigo yake yalikuwa halali, tena mara nyingi ya ustadi mkubwa. Alichodanganya ni kipimo cha uwezo wake tu. Ndiyo sababu neno mjanja limechaguliwa katika makala haya, kwa maana ileile inayomfaa Sungura katika hadithi zetu: mdogo machoni pa wengine, mkubwa katika hesabu zake.

2. Kanuni za kazi

Mtaalamu wa elimu-jamii Ned Polsky ndiye aliyeichunguza kazi hii kwa namna ya kisayansi. Alichapisha makala yake mwaka 1964, kisha akayaingiza katika kitabu chake cha mwaka 1967, Hustlers, Beats, and Others. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji tangu ujana. Alikaa na wajanja hao mezani kama mpinzani, kama mdhamini, na hata kama mmoja wao. Hakuwahoji kwa dodoso, bali aliwatazama wakifanya kazi.

Kanuni ya kwanza aliyoieleza ni kwamba mjanja hapaswi kuuonyesha uwezo wake kamili. Akishinda, na ashinde kwa tofauti ndogo, tena kwa mapigo yanayofanana na bahati. Akipata nafasi ya pigo la ajabu, aliache. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa maana kila fundi hupenda kazi yake ionekane. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Lakini simba huyu alitakiwa aende pole mbele ya watu waliomcheka, tena usiku mzima.

Kanuni ya pili ni kwamba pambano hushindwa au hupotezwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Wachezaji wawili wasiolingana hupatana masharti: mwenye nguvu humpunguzia mwenzake. Katika mchezo wa tundu moja, kwa mfano, kila mchezaji ana tundu lake la pembeni, na wa kwanza kuingiza mipira minane humo ndiye mshindi. Lakini wanaweza kukubaliana kwamba mmoja aingize tisa na mwingine saba tu. Mjanja aliyefahamu uwezo wa wote wawili, huku mwenzake akiufahamu wa mmoja tu, alikwisha kushinda katika mapatano hayo. Ulimi ulitangulia, fimbo ikafuata.

Kanuni ya tatu inahusu fedha. Mjanja hakuwa na mtaji wa kudumu. Mara nyingi dau lilitolewa na mdhamini, ambaye alibeba hasara yote akishindwa, na kugawana naye faida nusu kwa nusu akishinda. Mpango huo ulikuwa na kishawishi ndani yake. Mchezaji aliweza kupatana kwa siri na mpinzani, akashindwa makusudi, kisha wawili hao wakagawana fedha za mdhamini. Kwa hiyo mdanganyifu mwenyewe aliishi katika wasiwasi wa kuaminiwa na kutoaminiwa.

Msamiati wa kazi unashuhudia mambo hayo yote. Uwezo wa mchezaji uliitwa kwa neno lenye maana ya mwendo. Kwa hiyo kuficha mwendo ndiko kulikuwa kuficha ustadi. Kushinda kivivu au kushindwa makusudi ili kumvuta mpinzani kuliitwa kwa jina la limau. Kumsaliti mdhamini kulikuwa kumwaga, kama mtu amwagavyo takataka. Na sifa iliyoheshimiwa kupita zote iliitwa moyo: uwezo wa kutotetemeka wakati fedha ya mwisho imo mezani. Mwenye mwendo mkubwa asiye na moyo hakuhesabiwa kitu.

3. Sababu ya kusafiri

Kutokana na kanuni ya kwanza, safari haikuwa anasa bali sharti. Ustadi uliofichwa haufichiki daima. Baada ya siku chache wenyeji huanza kunong'ona, na hakuna tena anayekubali kuweka dau. Hapo mjanja alipaswa kuhama. Katika miaka ya 1920 na 1930 alipanda treni, mara nyingine za mizigo bila tiketi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alitumia motokaa.

Hakwenda ovyo. Alifuata fedha: mji wa mgodi siku ya mishahara, mji wa bandari meli zinapotia nanga. Wakati wa vita, mji wa Norfolk katika jimbo la Virginia, wenye kituo kikubwa cha jeshi la majini, uliwavuta wengi wao. Alibeba kichwani orodha ya miji, ya wachezaji wa kila mji na uwezo wao, ya wadhamini waaminifu na wasioaminika, na orodha hiyo aliwapa wachache tu kwa mdomo. Haikuwa daftari, ilikuwa elimu simulizi ya kweli, yenye wenyewe na yenye masharti ya kuirithi.

Na hatari ilikuwapo. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgeni anayeshinda sana katika chumba kilichojaa watu wasiomjua alihitaji kujua pia wakati wa kushindwa kidogo, na mlango wa kutokea.

4. Jina lililoiua kazi

Mwaka 1959 Walter Tevis alichapisha riwaya The Hustler, na mwaka 1961 Robert Rossen akaigeuza kuwa filamu yenye jina hilohilo. Ndani yake kijana mmoja, aliyeigizwa na Paul Newman, anapambana na bingwa mnene aitwaye Minnesota Fats, aliyeigizwa na Jackie Gleason.

Wakati huo aliishi katika kijiji cha Dowell, kusini mwa jimbo la Illinois, mtu mnene aitwaye Rudolf Wanderone. Alizaliwa New York mwaka 1913, mtoto wa wahamiaji kutoka Uswisi. Alianza kucheza kwa fedha tangu utoto, akasafiri miaka mingi, akaoa mwaka 1941. Wenzake walimwita New York Fats. Filamu ilipotoka alitangaza kwamba yeye ndiye Minnesota Fats wa kweli na kwamba kisa kile kimechukuliwa katika maisha yake. Tevis alikanusha, akarudia kukanusha. Haikufaa kitu. Wanderone alilivaa jina la mtu aliyebuniwa, likamkaa kuliko lake la kuzaliwa.

Mwaka 1966 kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka, kilichoandikwa pamoja na Tom Fox. Humo na katika mazungumzo yake mengi alidai kwamba hakuwahi kushindwa fedha zikiwa mezani. Mwaka wake wa kuzaliwa ulibadilika kadiri alivyosimulia, mara nyingine ukarudi nyuma hadi 1900. Alipofariki huko Nashville mwezi wa Januari 1996, hata magazeti yaliyotangaza kifo chake hayakuwa na hakika ya umri wake.

Kwa msomaji mkali, kitabu cha namna hiyo ni cha kutupwa. Lakini yafaa kwanza kutazama kilichompata mwandishi wake. Tangu siku alipojulikana kila mahali, Wanderone hakuweza tena kuifanya kazi aliyojisifia. Nani angeweka dau mbele ya Minnesota Fats? Akawa mtumbuizaji: alionekana katika televisheni, alialikwa kwenye maonyesho, alitangaza meza za biliadi. Mwezi wa Februari 1978, huko New York, alipambana na Mosconi mbele ya kamera za televisheni. Mosconi alishinda, lakini watazamaji wengi walimkumbuka zaidi yule aliyeshindwa, kwa sababu ya maneno yake. Mwaka 1984 Wanderone aliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo Marekani, si kama bingwa, bali kwa huduma aliyoutolea mchezo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki: ulimi wake ndio uliotunzwa.

Basi kazi iliyoishi kwa kutojulikana haikuweza kuacha kumbukumbu ila kwa kufa. Mjanja anayesimulia ni mjanja aliyestaafu; na masimulizi yake, hata yakiwa na chumvi nyingi, ni dalili kwamba siri haimlipi tena.

5. Sauti iliyonaswa

Ipo sauti nyingine, isiyo na kelele kama ile ya kwanza. Danny McGoorty, aliyezaliwa mwaka 1901 na kukulia Chicago, alikuwa mchezaji wa biliadi isiyo na matundu, ambayo mpira wa mchezaji hutakiwa kugusa kingo za meza mara tatu kabla ya kukamilisha pigo. Mwishoni mwa maisha yake mwandishi Robert Byrne, mchezaji kama yeye, alimkalisha mbele ya kinasa sauti, akamwacha aseme. McGoorty alifariki mwaka 1970, na kitabu kilichotokana na kanda zile kilitoka mwaka 1972.

Mzee huyu hakudai kuwa bingwa wa dunia. Alisimulia ulevi wake, umaskini wake, safari za treni za mizigo, mbinu alizotumia na zilizomshinda. Mtu akikiri hasara, ushahidi wake juu ya faida huongezewa uzito. Tena, kwa kuwa Byrne aliihifadhi namna yake ya kusema, kitabu kile ni hazina kwa mwanaisimu pia: msamiati wa kazi umo katika sentensi hai, mahali pake.

Mwaka huohuo wa 1972 ulikuwa na tukio jingine. Tangu 1961, ndugu wawili wa ukoo wa Jansco waliandaa kila mwaka mashindano ya wajanja katika mji mdogo wa Johnston City, Illinois, nchi ya makaa ya mawe, si mbali na Dowell. Waliokuwa wakijificha walikutana huko waziwazi, wakapigwa picha, wakaandikwa katika magazeti; dau kubwa ziliwekwa usiku, baada ya mashindano rasmi. Mwaka 1972 maofisa wa serikali kuu waliwavamia kwa kosa la kamari, na mkutano ule ukakoma. Mlango mmoja ulifungwa huku kumbukumbu za McGoorty zikitoka mtamboni.

Sasa masimulizi haya mawili yawekwe pamoja na uchunguzi wa Polsky. Juu ya nani alimshinda nani, na kwa kiasi gani, hakuna njia ya kuyathibitisha. Madai ya Wanderone yanapingana na akili. Lakini juu ya namna kazi ilivyofanywa, yaani mapatano, udhamini, kuficha uwezo, sababu ya kuhama, mjisifu na mnyenyekevu wanasema mamoja, na mtaalamu aliyewatazama wengine kabisa, mahali pengine, aliyaona hayohayo. Mwongo husema uongo palipo na manufaa. Wanderone alinufaika kwa kujiongezea ushindi; hakunufaika kwa kubuni utaratibu wa kugawana faida na mdhamini. Sehemu hiyo ya kumbukumbu zake ni ngumu kama hati.

6. Wale wasioandikwa

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuweka kanuni: amini masimulizi juu ya kazi, yakatae juu ya ushindi. Lakini kanuni hiyo ina dhuluma ndani yake.

Kwa miaka mingi wachezaji Weusi wa Marekani hawakuruhusiwa kuwania ubingwa wa dunia wa biliadi. James Evans wa New York, ambaye wachezaji wa zamani walimweka miongoni mwa walio bora wa wakati wake, hakupata nafasi hiyo. Cisero Murphy wa Brooklyn aliipata mwaka 1965, huko Burbank, California, akatwaa ubingwa katika mara yake ya kwanza kushiriki, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Ushindi wa Murphy umeandikwa, kwa sababu mlango ulifunguliwa. Je, ustadi wa Evans uko wapi? Umo katika vinywa vya waliocheza naye, basi. Mosconi aliacha hati ya kiapo. Evans aliacha kumbukumbu za wengine.

Mwanahistoria anayesema kwamba hatapokea habari za ushindi isipokuwa zimeandikwa anarudia, bila kukusudia, hukumu ya wale waliofunga mlango. Atahesabu mabingwa walioruhusiwa kuhesabiwa, kisha ataita hesabu yake historia ya mchezo.

Njia ya kutokea ni kuangalia nani anasema juu ya nani. Wanderone alijishuhudia mwenyewe. Sifa ya Evans, kinyume chake, ilitolewa na wenzake wa meza, watu wasiopata faida yoyote kwa kuitangaza, na baadhi yao walikuwa na kila sababu ya kuinyamazia. Ushahidi wa mpinzani kuhusu mpinzani wake, hasa mpinzani aliyefariki na asiyeweza kulipa fadhila, una uzito ambao majisifu hayawezi kuupata.

Wasomaji wa Lubumbashi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kijitabu cha historia ya Elisabethville kilichotungwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha mji huo na André Yav, kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani, kina tarehe zinazochanganyika na habari zisizolingana na hati za wakoloni. Johannes Fabian alipokichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990, hakukisoma kama orodha ya makosa, bali kama mawazo ya watu ambao hati zile ziliwataja kwa majina ya kazi tu. Mtumishi na mjanja wa biliadi hawafanani kwa maadili. Wanafanana kwa jambo moja: wote wawili walifanya kazi mbele ya watu ambao hawakupaswa kujua wao ni nani hasa.

7. Hitimisho

Kumbukumbu za mjanja wa biliadi zinaweza kupokewa kama ushahidi, mradi zigawanywe kwanza. Anachosema juu ya taratibu za kazi, hasa pale ambapo wasimulizi wasiofanana wanakubaliana, kinastahili kuaminiwa. Anachosema juu ya ukubwa wake mwenyewe kipokewe kama picha ya jinsi alivyotaka kuonekana, nayo ni habari pia. Anachosema juu ya mwenzake ambaye daftari zilimkataa kitafutwe kwa haraka kuliko vyote, kwa kuwa hakina mahali pengine pa kukaa.

Katika miaka yake ya mwisho huko Nashville, Wanderone aliwagawia wageni sahihi yake kwa kuigonga kadini kwa muhuri wa mpira. Mtu aliyeanza maisha kwa kujificha jina aliyamaliza kwa kuligawa bure, nalo halikuwa lake. Wenzake wengi hawakupata hata hilo la kuazima. Baadhi yao walikuwa na wajukuu, na majirani, na wapinzani waliobaki hai. Wanaowakumbuka wanazeeka nao.